Visanduku Vitatu vya Jineri ya Budutu

Sehemu ya Saba

Wasomaji wawili wamenipigia simu wiki hii kuuliza kama Fabian amekufa. Mmoja alikuwa analia.

Hajafa. Twende taratibu.

Tulimwacha ndani ya sanduku la presi, ile mashine inayoshindilia pamba na kuifunga iwe robota, katika jineri ya ushirika ya Budutu, kiwanda cha kuchambulia pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi. Fabian ni makanika. Alikuwa ameingia kuondoa pamba iliyokwama. Fundi umeme, Dorkasi Mayala, alikuwa amebonyeza kitufe chekundu cha kusimamishia mashine kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Ingia, nimezima."

Halafu kishindilio, bamba la chuma lenye uzito wa ng'ombe kumi, kikaanza kushuka.

Dorkasi alikiachia kitufe, akakibonyeza tena. Kilibonyea vizuri kabisa. Kishindilio kikaendelea kushuka.

"Dada Dorkasi!" Fabian aliita kutoka ndani. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu aliye mezani anayeulizia chumvi.

Swichi kuu ilikuwa ukutani, hatua kumi na nane kutoka pale. Dorkasi anajua ni kumi na nane kwa sababu alirudi kuzipima siku ya pili. Siku yenyewe hakupima kitu. Alirukia mpini kwa mikono miwili, akauvuta chini, na jineri nzima ikazima: pampu ya mafuta, feni, mikanda, taa. Kukawa kimya kiasi cha kusikia njiwa wakitembea juu ya bati.

Kishindilio kilikuwa kimesimama juu ya bega la Fabian. Si karibu na bega. Juu ya bega.

"Uko hai?" Dorkasi aliuliza.

"Nipo," alisema Fabian. "Ila usinichekeshe."

Iliwachukua dakika arobaini kukiinua kile chuma kwa jeki. Fabian alitoka akiwa amevunjika mtulinga na mbavu mbili, akapakiwa kwenye gari la jineri, akapelekwa hospitali. Njiani alimkumbusha dereva kwamba gari linahitaji kubadilishwa oili.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Saa sita umeme uliporudishwa, kila kitu kiliwaka isipokuwa kitu kimoja. Ndani ya paneli, lile kabati la nyaya za umeme, kuna kisanduku ambacho mafundi wanakiita PLC. Hicho ndicho kinachoiambia kila mota lini iwake na lini izime. Kinasoma vitufe na sensa, yaani vihisi, jumla thelathini na nane, kinafuata programu iliyoandikwa ndani yake, na bila hicho jineri ni mkusanyiko wa vyuma. Kile cha Budutu kilikuwa na miaka minane. Kilikatiwa umeme ghafla kikiwa kazini, na umeme uliporudi hakikuamka. Aina yake haitengenezwi tena.

Uwanjani kulikuwa na malori kumi na moja ya pamba kutoka Zagayu. Maghala ya vyama vya msingi yalikuwa yamejaa, na yakijaa, mizani inafungwa na mkulima anarudi nyumbani na pamba yake.

Meneja, Bwana Januarius, alimwita Dorkasi ofisini.

"Ulibonyeza kitufe?"

"Nilibonyeza."

"Basi kwa nini mashine haikusimama?"

"Nifungulie paneli nikaangalie."

"Paneli nimeifunga kwa kufuli. Ni ushahidi. Haitaguswa mpaka bodi ikae." Akasogeza karatasi mbele. "Hii ni taarifa ya ajali. Weka sahihi."

Dorkasi akasoma. Mstari wa nne ulisema: *Fundi umeme hakubonyeza kitufe cha dharura.*

"Hii siweki sahihi."

"Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu."

"Basi kumbukumbu hiyo si yangu."

Januarius hakukasirika. Yeye ni mtu asiyekasirika, jambo ambalo wafanyakazi wanaliogopa zaidi. Alimweleza kwamba barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshachapwa. Tarehe tu ndiyo ilikuwa imeachwa wazi, kwa sababu hakuna fundi mwingine wa kuwasha mashine. Akamwomba, kabla hajasimamishwa, aisaidie bodi kuchagua PLC mpya.

"Alhamisi watakuja watu watatu na visanduku vyao," alisema. "Nakushauri umchague Injinia Constantine. Anaweza kufunga Jumamosi."

"Kama mmeshachagua, mimi ninachagua nini?"

"Unachagua kwa utaratibu," alisema Januarius.

Wasomaji wangu, Dorkasi ana miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo hajawahi kulala mchana. Jumatatu ile alirudi nyumbani saa nane, akalala kitandani na viatu, akatazama dari. Hakulia. Alikuwa anafikiria jambo moja. Alikuwa amerudi kazini wiki tatu nyuma kutoka Kiloleli, kwenye msiba wa shangazi yake. Tangu arudi hakuwa amekijaribu kile kitufe. Kila fundi anajua kwamba kitufe cha dharura kinajaribiwa kila wiki. Yeye alikuwa ameahirisha, kwa sababu msimu ulikuwa umechanganya.

Saa kumi aliinuka, akavua viatu, akavivaa tena, akaenda stoo ya jineri kutafuta mchoro.

Mchoro wa nyaya aliupata chini ya boksi la fyuzi. Aliutandaza sakafuni, akaufuata waya wa kitufe chekundu kwa kidole mpaka mwisho. Kisha akaufuata tena kutoka mwisho kurudi mwanzo, maana hakuyaamini macho yake.

Waya haukwenda kwenye swichi wala kwenye pampu. Ulikwenda kwenye kisanduku tu, tundu namba kumi na moja. Ukibonyeza kitufe, umeme kidogo unapita kwenye waya, kisanduku kinapata habari kwamba mtu anaomba mashine isimame, halafu kisanduku ndicho kinachosimamisha. Maana yake ni kwamba waya ukikatika mahali popote, kisanduku hakipati habari. Hakijui kama kuna kitufe. Hakijui kama kuna Fabian.

Chini ya mchoro kulikuwa na sahihi ya aliyeuchora. Dorkasi aliisoma, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya blauzi.

Jumatano wale watatu walifika, siku moja kabla, kuandaa mitambo yao.

Wa kwanza alikuwa Injinia Constantine, kutoka Dar es Salaam, shati jeupe, saa kubwa. Kisanduku chake kilikuja ndani ya sanduku jingine, ambalo nalo lilikuwa ndani ya sanduku. Kilikuwa na skrini ya rangi inayoonyesha presi ikicheza. Hata walinzi walikuja kutazama.

Wa pili aliitwa Shija, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme. Kisanduku chake kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni, na alikitoa mfukoni pamoja na funguo za pikipiki.

"Bei yake utafurahi," alisema.

"Kinavumilia joto?"

"Mimi mwenyewe ninavumilia joto," alisema Shija.

Wa tatu alikuwa Injinia Eufrasia, mwanamke mfupi kutoka Mwanza, aliyeshuka kwenye basi akiwa amebeba kisanduku chake ndani ya kapu, kimefungwa kwa kanga. Alimsalimia Dorkasi kwa Kisukuma, akauliza habari za mgonjwa kabla ya kuuliza habari za presi. Kisha akasema, "Nionyeshe mahali alipokuwa amesimama." Alisimama pale, akatazama juu, akatoka.

Dorkasi alichukua kabati tupu la chuma, akaliweka juani nyuma ya ghala, akavifunga visanduku vyote vitatu ndani vikiwa vimewashwa. Akakaa kivulini na daftari. Ndani ya paneli ya jineri kwenye msimu ni tanuri, na hakutaka kusimuliwa na vipeperushi.

Saa nane kasoro mchana, kisanduku cha Shija kilizima taa zake zote.

"Kimekufa," alisema Dorkasi.

"Kimepumzika," alisema Shija. Alikitoa, akakipepea kwa kofia. Baada ya nusu saa kikawaka. "Unaona?"

Dorkasi aliandika kwenye daftari: *kinapumzika*.

Alhamisi saa tatu, bodi ilikaa ghalani, katikati ya marobota. Wenye kura walikuwa watatu. Meneja Januarius. Bi Anyesi, mkulima wa Zagayu, mwakilishi wa wakulima, ambaye pamba yake ilikuwa kwenye lori la nne uwanjani. Na mwenyekiti wa ushirika, mzee Sylvester, mtu mpole mwenye sauti ya chini, ambaye katika miaka yake kumi na miwili ya uenyekiti hajawahi kumkatiza mtu anapozungumza. Asubuhi ile alikuwa amemshika Dorkasi mkono, akamwita binti Mayala kwa Kisukuma na kumwambia, "Usiogope, ng'wana Mayala. Sema unachokijua."

Mezani kulikuwa na visanduku vitatu. Kila mgeni alikuwa amepewa agizo moja tu: kifunge kisanduku chako na kitufe cha kijani, kitufe chekundu na taa, kama vile ungefunga presi yetu. Taa ndiyo presi.

Constantine alianza. Akabonyeza kijani, taa ikawaka, na kwenye skrini kishindilio cha rangi ya machungwa kikashuka kwa madaha. Akabonyeza chekundu. Taa ikazima, kishindilio kikasimama, skrini ikaandika *SALAMA* kwa herufi kubwa.

Januarius alipiga makofi. Alikuwa peke yake, akaacha.

"Naomba uwashe tena," alisema Dorkasi.

Taa ikawaka. Dorkasi akatoa plaizi mfukoni, akainama, akaukata waya wa kitufe chekundu.

Taa iliendelea kuwaka.

Akabonyeza kitufe. Taa iliendelea kuwaka. Skrini iliendelea kusema *SALAMA*.

"Sista," alisema Constantine, "umenikatia waya."

"Ndiyo."

"Sasa kitasimamaje bila waya?"

"Hilo ndilo swali langu."

Bi Anyesi alisogea mbele kwenye kiti. "Ng'wanone, mwanangu, hebu nieleweshe. Hiyo taa ndiyo ile mashine?"

"Ndiyo, mayu," Dorkasi alimjibu kama anavyomjibu mama yake.

"Na huyu kijana wetu yuko chini yake?"

"Yuko chini yake, amevunjika mtulinga."

"Na hicho kioo kinasema salama."

"Kinasema hivyo."

Bi Anyesi alirudi nyuma kwenye kiti. "Haya. Endeleeni."

Constantine alitabasamu kama mtu anayesamehe. "Ndugu wajumbe, hakuna mtu anayekata nyaya kiwandani."

"Panya wanakata," alisema Dorkasi. "Vumbi linakata. Mtikisiko unakata."

"Huo ni uzembe wa matengenezo. Kisanduku hakina kosa."

"Kweli, kisanduku hakina kosa. Kosa ni la aliyepitisha waya." Akatoa ile karatasi ndani ya blauzi, akaikunjua juu ya meza. "Huu ni mchoro wa paneli yetu ya zamani. Kitufe kimefungwa hivi hivi. Naomba mwenyekiti asome jina la aliyeuchora."

Mzee Sylvester alivaa miwani, akachukua muda wake.

"Injinia Constantine," alisoma.

Ghalani kikasikika kiti cha Januarius kikilia.

"Ilikuwa miaka minane iliyopita," alisema Constantine.

"Na jana," alisema Dorkasi. "Hiki umekifunga jana."

Akamuuliza swali la pili: programu ina neno la siri, nani analo? Constantine alisema neno la siri linakaa kwenye kampuni yake, kwa usalama. Dorkasi aliwakumbusha wajumbe yaliyotokea mwaka uliopita, walipotaka kuongeza sekunde mbili tu kwenye muda wa feni. Walisubiri siku tisa mtu aje kutoka Dar es Salaam na kompyuta. Alifanya kazi dakika sita, akala chakula cha mchana, akaondoka.

"Alikula mara mbili," alisema Bi Anyesi, aliyempikia.

Akaja Shija. Dorkasi akakata waya, taa ikazima papo hapo. Shija alishangaa kuliko mtu yeyote.

"Vizuri," alisema Dorkasi. "Lakini jana kilizima juani, na hapa presi itakuwa inawaka mchana kutwa."

"Kilipumzika tu, mama."

"Kikipumzika chuma kikiwa kimeshuka nusu, tutafanyaje?"

Shija alifikiri kwa uaminifu. "Mtasubiri," alisema. Akakiweka kisanduku mfukoni, akaomba maji ya kunywa, akabaki kutazama wengine.

Eufrasia hakuwa na skrini. Aliwasha taa, akamkabidhi Dorkasi plaizi yake mwenyewe. "Kata."

Dorkasi akakata. Kitu kikalia *tak* na taa ikazima.

"Unganisha. Sasa ng'oa kisanduku chenyewe," alisema Eufrasia.

Dorkasi alikiunganisha kile kijiwaya, taa ikawashwa upya, kisha akaing'oa PLC kabisa kutoka kwenye nyaya zake. *Tak.* Taa ikazima.

Eufrasia aliwageukia wajumbe. "Waya wa kitufe cha dharura unatakiwa uwe na umeme wakati wote. Ukikatika, umeme umekosekana, mashine inasimama yenyewe. Na kitufe kinaukata umeme wa pampu moja kwa moja. Hakiombi ruhusa. Kisanduku kinapewa taarifa tu baadaye. Na neno la siri hili hapa." Akaweka bahasha mezani. "Ni lenu. Mkitaka kubadilisha programu, Dorkasi ataibadilisha, au mtamtafuta fundi yeyote."

Hapo Dorkasi alihisi pumzi inamshuka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ilimshuka kwa muda wa nusu dakika.

"Swali," alisema Constantine kwa upole. "Jineri hii ina vitufe na sensa ngapi?"

"Thelathini na nane," alisema Dorkasi.

"Kisanduku cha mwenzangu kinasoma ngapi?"

Eufrasia hakukwepa. "Ishirini na nne. Kinahitaji kadi ya nyongeza."

"Anayo hiyo kadi?"

"Sina. Ya kuagiza ni wiki sita."

Januarius alifunga faili. Nje, dereva wa lori mmoja alipiga honi, bila sababu maalumu. Wiki sita. Pamba ya Zagayu ingekuwa bado imekaa uwanjani, na wakulima wangekuwa wamelala na mizigo yao vyumbani.

"Nafikiri tumemaliza," alisema Januarius.

"Injinia," Dorkasi alimuuliza Eufrasia, "umeshawahi kufunga aina hii upande huu wa ziwa?"

"Nimefunga kimoja. Kiwanda cha barafu, Lamadi, pale wanapogandishia barafu ya samaki."

"Wana kadi ya akiba?"

Eufrasia alimtazama. Kisha akatoa simu, akaweka sauti ya nje, ikaita mara saba.

"Mwadila," ilisema sauti ya mwanamume, ikitoa salamu ya mchana ingawa ilikuwa bado asubuhi. Nyuma yake kompresa zilikuwa zinanguruma.

"Mhola? Salama? Ile kadi ya nyongeza ya ziada mnayo bado?"

"Ipo. Zilikuja mbili, tukatumia moja."

"Iko wapi?"

"Tumeikalishia kopo la sukari."

"Ni nzima?"

"Ndani ya mfuko wake, haijafunguliwa. Kwani mnaitaka? Leteni barua tu, mje mwaka kesho na nyingine."

Kutoka Bariadi mpaka Lamadi gari halimalizi saa mbili. Kila mtu ghalani alijua hivyo, na hakuna aliyehitaji kusema.

Wakapiga kura. Januarius alimchagua Constantine, akisema kampuni kubwa ni kampuni kubwa. Bi Anyesi alimchagua Eufrasia, akisema anataka mashine inayosimama. Ikabaki kura ya mzee Sylvester.

Aliitazama ile taa iliyozima. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ya Injinia Eufrasia," alisema. "Na nina ombi. Paneli ya zamani isiachwe kona ikatukumbusha mabaya. Itoke yote, na nyaya zake zote, kesho. Nitamleta mtu wa chuma chakavu mwenyewe."

Wote waliona ni busara. Dorkasi alikwenda kumshukuru. "Wabeja, mzee," alimwambia. Mzee Sylvester alimpigapiga begani, akasema Mungu ndiye wa kushukuriwa.

Hata Januarius alisalimu amri. Alitoa ufunguo wa kufuli la paneli mfukoni, akampa Dorkasi. Kuhusu ile barua ya kusimamishwa kazi, alisema ataiacha bila tarehe, ili isipotee.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Eufrasia aliondoka na dereva kwenda Lamadi kuchukua kadi. Dorkasi akabaki peke yake na paneli ya zamani.

Aliifungua. Vumbi la pamba lilikuwa limetanda ndani kama blanketi. Akalipuliza, akatafuta tundu namba kumi na moja, akaushika waya na kuufuata. Alikuwa anatafuta alama za meno. Alikuwa ameshapanga hata maneno atakayomwambia Januarius kuhusu panya.

Waya ulishuka, ukapita nyuma ya fyuzi, ukakunja kona. Pale kwenye kona, mahali ambapo mtu asingeona bila kuingiza kichwa, uliishia.

Haukuwa umetafunwa. Ulikuwa umekatwa mara moja, wima, safi. Na ncha zake zote mbili zilikuwa zimezungushiwa tepu nyeusi, vizuri, mizunguko mitatu mitatu, kama anavyofanya fundi asiyetaka nyaya ziguse chuma.

Tepu ilikuwa mpya.

Dorkasi aliutazama kwa muda. Halafu akatoka nje ya chumba cha paneli, akarudi, akautazama tena. Ulikuwa vilevile. Akachukua simu.

"Mwangaluka, Fabian. Bega linasemaje?"

"Halisemi vizuri. Ila nimekula uji."

"Fabian, waya wa kitufe chekundu umekatwa. Umekatwa kwa plaizi, ukafungwa tepu."

Dorkasi alisikia mgonjwa mwingine akikohoa, na kitu cha magurudumu kikipita.

"Fabian?"

"Ni plaizi yangu, dada," alisema Fabian. "Niliukata mimi."

Dorkasi alikaa juu ya sanduku la vifaa.

"Kipindi ulipokuwa Kiloleli kwenye msiba," Fabian aliendelea, taratibu, kwa sababu ya mbavu. "Kitufe kiliingia vumbi. Kilikuwa kinasimamisha presi chenyewe, mara sita kwa siku. Nikaambiwa niukate waya mpaka wewe urudi. Nikaukata. Uliporudi nilitaka kukwambia, akaniambia haina haja, ameshaleta fundi wa nje, waya umeunganishwa. Dada, ningeingiaje mle ndani kama nisingeambiwa umeunganishwa?"

"Nani alikwambia?"

Fabian alijigeuza kitandani, akaguna kwa maumivu ya mbavu.

"Fabian. Mimi niliandikiwa barua kwa ajili ya huo waya. Wewe umevunjika. Nani?"

"Amekuja kuniona," alisema Fabian kwa sauti ndogo. "Ameniletea machungwa. Yuko hapa, anamenya."

"Mpe simu."

"Ameshanyoosha mkono."

Kulikuwa na mkwaruzo, kama simu inayohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kisha ikaja sauti ya chini, ya upole, ya mtu asiyemkatiza mwenzake.

"Mwangaluka, ng'wana Mayala," alisema mzee Sylvester. "Lori la chuma chakavu limeshafika hapo?"

Dorkasi aligeuka kwenye mlango. Lilikuwa linaingia getini, kinyumenyume, na wanaume wanne wenye nyundo walikuwa wamesimama juu yake.